Sukari iliyofika ikichelewa: uchambuzi wa jaribio la kuzuia sumu ya kipindupindu, Bukavu

Kisa hiki kinatoka katika maabara moja ya mafunzo mjini Bukavu. Majina ya watu, taasisi, mtaa na tarehe vimeondolewa. Mfuatano wa matukio umeachwa kama ulivyokuwa, pamoja na makosa, kwa kuwa makosa ndiyo yaliyofundisha zaidi.

Usuli

Bakteria wa kipindupindu hawaingii ndani ya seli za utumbo. Hukaa juu yake na kumwaga sumu, na kinachoingia ni hiyo sumu. Imeundwa kwa sehemu A moja, yenye madhara yenyewe, na sehemu B tano zilizojipanga kwa duara. Kila B ina kimfuko kinachonasa kichwa cha GM1, aina ya mafuta yenye sukari yaliyopachikwa kwenye utando wa seli. B zikishashika, seli huimeza sumu, kipande cha A huachiliwa, cAMP, kemikali inayopitisha ujumbe ndani ya seli, hupanda na milango ya kloridi hubaki wazi. Kloridi humwagika ndani ya utumbo, sodiamu na maji hufuata. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa.

Kichwa cha GM1 kina sukari tano. Mwishoni kabisa iko galaktosi, nyuma yake N-asetili-galaktosamini, kisha galaktosi ya pili iliyobeba asidi ya sialiki ubavuni, halafu glukosi iliyoungana na mafuta. B huishika galaktosi ya mwisho na asidi ya sialiki kwa pamoja, kama mtu anayeokota punje kwa kidole gumba na cha shahada. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo ambalo maabara nyingi duniani zimelifanyia kazi: kama B inatafuta sukari, ipewe sukari nyingine iishike, ifike kwenye seli mikono ikiwa imejaa.

Kivu Kusini kipindupindu hurudi karibu kila mwaka, hasa katika maeneo ya kando ya ziwa ambako watu huchota maji ya ziwani. Timu ya wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho, fundi mmoja na msimamizi wao iliamua kupima misombo miwili: galaktosi ya kawaida, na meta-nitrofenili-alfa-galaktosidi, ambayo hapa tutaiita MNPG. Huu wa pili ni galaktosi iliyounganishwa na pete yenye kundi la nitro. Pete hiyo hupata pa kujibanza kando ya kimfuko cha B, na inajulikana kwamba MNPG hushika kwa nguvu takriban mara 100 kuliko galaktosi tupu. Lengo la mbali lilikuwa kuandika mradi wa kuongeza kizuizi cha sukari ndani ya SRO, yaani maji ya chumvi na sukari anayonyweshwa mwenye kuhara.

Walivyolipanga jaribio

Uamuzi wa kwanza ulikuwa mzuri: kutumia sehemu B peke yake, iliyounganishwa na kimeng'enya cha peroksidesi kinachotoa rangi, badala ya sumu nzima. B bila A haina madhara, kwa hiyo maabara ya kawaida inaweza kuishughulikia. Hasara yake ni kwamba jaribio linaonyesha kushika tu. Halisemi lolote kuhusu maji kumwagika.

Vifaa vilikuwa vile vya vipimo vya homa ya ini: sahani za vishimo 96, kisomaji cha rangi, pipeti ya njia nane, friji. GM1 na B viliagizwa nje, vikapitia Kigali na mpaka wa Ruzizi.

Utaratibu ulikuwa hivi. GM1 iliyeyushwa katika methanoli, ikazimuliwa kwa bafa ya fosfeti (kimiminika kinachotunza kiwango cha asidi) hadi mikrogramu 2 kwa mililita, mikrolita 100 zikatiwa katika kila kishimo na sahani ikalazwa frijini usiku kucha. Asubuhi sahani ilioshwa mara tatu, nafasi zilizobaki wazi zikafunikwa kwa protini ili B isinate ovyo kwenye plastiki. Pembeni, katika vijirija vidogo, B ya nanogramu 20 kwa mililita ilichanganywa na kizuizi cha viwango mbalimbali na kuachwa saa 2. Kisha mchanganyiko ulihamishiwa kwenye vishimo kwa dakika 30, ukaoshwa, rangi ya TMB ikatiwa kwa dakika 10, ikasimamishwa kwa asidi ya salfuriki na kusomwa kwenye nanomita 450. Rangi nyingi maana yake B imeshika GM1. Rangi kidogo, imezuiwa. MNPG iliyeyushwa kwanza katika kiyeyushi cha DMSO, na kwa sababu hiyo vishimo visivyo na kizuizi navyo vilitiwa DMSO kwa kiasi kilekile.

Glukosi iliwekwa kama sukari ya kulinganisha. B haina haja na glukosi tupu, kwa hiyo vishimo vyake vilipaswa kubaki na rangi kamili hata kwenye kiwango cha juu. Kishimo hicho kimoja cha bei rahisi ndicho kilichookoa kazi yote.

Sahani ya kwanza: kila kitu kilizuia

Albumini ya ng'ombe, protini ya kufunikia vishimo, ilikuwa imebaki kidogo, na kuagiza nyingine kungechukua wiki kadhaa. Fundi alipendekeza maziwa ya unga ya dukani, gramu 5 kwa mililita 100, kama inavyofanyika katika vipimo vingine vingi vya protini. Wakakubali. Wakatumia maziwa hayohayo kuzimulia B, na bafa ya kuoshea wakaitia Tween 20, aina ya sabuni, kwa asilimia 0.05.

Matokeo yalileta furaha. Galaktosi ilionekana kuzuia kwa zaidi ya theluthi mbili hata kwenye kiwango cha chini kabisa, MNPG vilevile. Mwanafunzi mmoja alikwisha kuchora mchoro na kuuonyesha kwenye kikao cha idara. Lakini safu ya glukosi nayo ilikuwa imefifia.

Msimamizi aliuliza swali moja: asilimia mia imechukuliwa wapi? Ikabainika kwamba rangi kamili haikutoka kwenye sahani ile. Ilitoka kwenye sahani ya majaribio ya wiki iliyotangulia, iliyofunikwa kwa albumini. Walipopiga hesabu upya kwa vishimo visivyo na kizuizi vya sahani ileile, uzuiaji wote uliyeyuka. Hapakuwa na kizuizi chochote kilichofanya kazi. Rangi ilikuwa ndogo kila mahali.

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni maziwa. Unga wa maziwa yenye mafuta una laktosi zaidi kidogo ya theluthi ya uzito wake. Gramu 5 katika mililita 100 ni gramu 50 kwa lita, yaani karibu gramu 19 za laktosi, sawa na milimola 55 kwa lita. Laktosi ni galaktosi iliyoungana na glukosi, na galaktosi yake iko mwishoni, wazi. Juu ya hayo, utando unaofunika matone ya mafuta ya maziwa umebeba gangliosidi zake, yaani mafuta yenye sukari ya jamii ya GM1. Kwa kuzimulia B ndani ya maziwa, timu ilikuwa imeitia kizuizi kabla hata ya kuanza kupima kizuizi. Maziwa yakitumika kufunika tu, kisha yakaoshwa, madhara huwa madogo. Yakitumika kuzimulia kitu kinachotafuta sukari, jaribio limekwisha.

Ya pili ni Tween. GM1 haikuunganishwa na plastiki kwa kifungo chochote cha kemikali. Imejilaza pale kwa mkia wake wa mafuta. Sabuni huondoa mafuta, na kila mara ulipoosha kwa Tween uliondoka na sehemu ya GM1. Katika vipimo vya kingamwili, ambako kilicholazwa ni protini, sabuni hiyo husaidia. Hapa ilikuwa inakwangua sakafu ya jaribio.

Sahani ya pili: galaktosi ni dhaifu, na saa ina kauli

Waliazima albumini, wakaitumia kwa asilimia 1, wakaosha kwa bafa tupu, wakaweka vishimo vya rangi kamili na vishimo vitupu kwenye kila sahani, mara tatu tatu, vingine kando na vingine katikati. Waliitafuta pia upya nguvu ya B ili rangi kamili isome karibu na 1.0. Ikizidi sana, kisomaji hushindwa kutofautisha uzuiaji mdogo.

Safari hii glukosi ilitulia. Galaktosi ilianza kuonyesha athari kwenye makumi ya milimola, na ilihitaji kukaribia milimola 100 au zaidi kushusha rangi hadi nusu. MNPG ilifanya kazi hiyohiyo kwenye milimola moja hivi. Hayo yanapatana na yaliyokwisha kujulikana, na kwa sahani ya kwanza sahihi katika maabara yenye vifaa vichache, ni kazi ya kusifiwa.

Siku ya kurudia, umeme ulikatika wakati mchanganyiko uko ndani ya vishimo. Wakingoja kisomaji kirudi, hawakuosha. Dakika 30 zikawa karibu saa 2. Uzuiaji uliposomwa ulikuwa umepungua kwa misombo yote miwili. Wa kwanza kusema alisema sahani imeharibika. Haikuwa imeharibika. Kizuizi dhaifu huingia na kutoka kwenye kimfuko cha B mara nyingi kwa sekunde. Kila kinapotoka, B inayoelea juu ya sakafu ya GM1 hupata nafasi ya kushika, na ikishika kwa miguu miwili au mitatu, yaani kwa mbili au tatu kati ya zile B tano za duara, hairudi. Muda ukiwa mrefu, GM1 hushinda polepole. Yeyote anayetaja kiwango cha kizuizi kinachopunguza rangi kwa nusu bila kutaja dakika ametaja nusu ya jibu.

Swali kutoka kituo cha afya

Mchoro wa sahani ya kwanza ulikuwa umekwisha kutembea kwa simu. Muuguzi mkuu wa kituo kimoja cha afya alimpigia msimamizi. "Docta, tumesikia sukari inafunga sumu ya kipindupindu. Huku mama mmoja ameweka vijiko kumi na viwili kwenye lita ya maji. Tuongeze na maziwa kwenye SRO ya kituo?"

Jibu lilitolewa siku ileile: hapana, na aliyeweka vijiko 12 amwage. SRO ya pakiti huyeyushwa katika lita moja ya maji salama, bila kuongezwa kitu. Pakiti zikikosekana, nyumbani ni vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi kwa lita. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Aliyelegea, macho yameingia ndani, ngozi ikifinywa hairudi upesi, hangoji SRO: ni serumu ya Ringer laktati kwenye mshipa, mililita 100 kwa kila kilo. Mwenye mwaka mmoja na zaidi hupewa 30 kwa kilo katika nusu saa ya kwanza, na 70 zilizobaki kwa saa 2 na nusu. Mtoto chini ya mwaka mmoja hupewa vipimo hivyohivyo kwa saa 1 na saa 5.

Swali la muuguzi lilifanya kazi ambayo mpango wa jaribio haukufanya. Lilimlazimisha kila mmoja kuuliza sukari ndani ya kikombe itakutana na sumu wapi, na saa ngapi.

Sahani ya tatu: kubadili zamu

Timu ilipanga sahani yenye sehemu tatu. Sehemu ya kwanza, B ilichanganywa na kizuizi kwanza, kama awali. Ya pili, vyote viwili vilitiwa pamoja kwenye kishimo. Ya tatu, B iliachwa ishike GM1 dakika 30, ikaoshwa, ndipo kizuizi kikatiwa kwa saa 2.

MNPG ya milimola 5, iliyoshusha rangi kwa kiasi kikubwa katika sehemu ya kwanza, ilizuia kwa kiasi pungufu katika ya pili, na katika ya tatu karibu haikubandua kitu. Galaktosi ya milimola 200 haikufanya vizuri zaidi. B ina miguu mitano. Kuung'oa mguu mmoja hakutoshi, maana minne bado imesimama na ule ulioinuliwa hukuta GM1 nyingine jirani. Kichwa kizima cha GM1, kikiwa kimoja tu, hushikwa na B kwa nguvu ya makumi ya nanomola. Galaktosi iko kwenye milimola. Huo ni umbali wa mara laki kadhaa, na bado haujazidishwa kwa miguu mitano.

Uamuzi na matokeo

Mradi wa kuongeza kizuizi kwenye SRO haukupelekwa. Kazi ya mwisho ya wanafunzi ilibadilishwa kichwa, ikawa juu ya masharti ya jaribio lenyewe, na sahani ya kwanza iliwekwa ndani pamoja na maelezo ya kilichoiharibu. Mchoro uliosambaa ulifuatiwa na ujumbe wa kuufuta, ukiwa na kipimo cha vijiko sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Muuguzi alirudisha taarifa kwamba mama yule alipewa pakiti na mtoto wake alipata nafuu.

Uchambuzi

Hesabu ya galaktosi ilipaswa kufanywa kwa kalamu kabla ya kuagiza chochote. Milimola 100 ni gramu 18 kwa lita. SRO ya sasa ina glukosi gramu 13.5, sawa na milimola 75, na jumla ya miliosmoli 245 kwa lita, kipimo cha wingi wa chembe zilizoyeyuka. Ongeza galaktosi hiyo, unafika 345. Fomula ya zamani ilikuwa 311, na ndiyo iliyoachwa mwaka 2002 kwa sababu ile nyepesi ilipunguza kutapika na wingi wa choo. Ungekuwa unamrudisha mgonjwa nyuma hata kupita pale tulipokwisha kuondoka, kwa sukari inayovuta maji kuelekea utumboni.

Halafu galaktosi haikai. Hupita kwenye mlango uleule wa glukosi, SGLT1, ambao hubeba sodiamu mbili kwa kila sukari moja. Kwa sehemu kubwa ingekuwa imekwisha kunyonywa kabla ya kupigana na sumu. Hapa kuna mtego mbaya zaidi wa utafiti: kwa kuwa ingebeba sodiamu na maji kama glukosi, mgonjwa angeweza kupata nafuu kidogo, na mtafiti mwenye haraka angeandika kwamba sumu imezuiwa. Sukari ya SRO inaokoa kwa kubeba, haiokoi kwa kufunga. Kazi hizi mbili zisichanganywe kamwe mbele ya wauguzi.

Na sukari ya sokoni, ile ya vijiko 12? Ni glukosi na fruktosi zilizounganishwa. Haina galaktosi kabisa. Hata kwa nadharia haina cha kuishikisha B.

MNPG nayo si dawa. Ni kemikali ya maabara, na bakteria wengi wa utumbo wana vimeng'enya vya kuikata galaktosi na kuacha nitrofenoli, ambayo ni sumu. Timu haikuwahi kupendekeza kumpa mtu, lakini mpango wao haukusema hivyo kwa maandishi, na ulipaswa kusema.

Kilichofanya kazi ni glukosi kwenye sahani, kukataa kutumia sumu nzima, na msimamizi aliyeuliza asilimia mia imetoka wapi badala ya kupongeza. Kilichoshindwa ni kuonyesha mchoro kabla ya kurudia, na kudhani kwamba utaratibu wa kipimo cha kingamwili unahamishika kama ulivyo kwenda kwa kitu kinachotafuta sukari. Sakafu ya GM1 peke yake nayo ina mipaka. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba sukari zenye fukosi kwenye seli za binadamu zinaweza pia kuwa mlango wa sumu hii, na watu wa kundi la damu O wanajulikana kuugua kipindupindu kikali zaidi. Kizuizi kinachoshinda GM1 kwenye plastiki hakijashinda bado kila mlango wa utumbo.

Njia ya kushindana na miguu mitano ni kumpa B sukari nyingi zilizofungwa pamoja. Mwaka 2000 kundi la watafiti Kanada lilitengeneza msombo ulioitwa STARFISH dhidi ya sumu ya Shiga, ile ya kuhara damu, yenye B tano pia: kiini kimoja, mikono mitano, na kila mkono una vikundi viwili vya sukari tatu-tatu. Nguvu yake ilipita ile ya sukari moja kwa zaidi ya mara milioni. Kemia iliweza.

Lakini zamu bado ina kauli. Synsorb Pk, chembe zisizonyonywa zilizopakwa sukari inayoshikwa na sumu ya Shiga, ilipewa watoto waliokwisha kupata madhara ya figo kutokana na sumu hiyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba haikupunguza ukali wa ugonjwa. Sumu ilikwisha kushika kabla ya dawa kufika, kama kwenye sehemu ya tatu ya sahani ya Bukavu.

Kwa mgonjwa wa kipindupindu hali si sawa kabisa, maana bakteria huendelea kumwaga sumu mpya kwa siku kadhaa na kizuizi chenye nguvu kingeweza kuikuta njiani. Lakini antibiotiki hupunguza uzalishaji huo kwa gharama ndogo: doksisaiklini miligramu 300 mara moja kwa mtu mzima, pale ambapo bakteria wa eneo hilo bado wanaisikia. Mahali ambapo kizuizi cha sukari kingefika kwanza ni kwa waliokula chungu kimoja na mgonjwa, ambao wako hatarini zaidi katika siku saba za mwanzo. Kizuizi cha kuwapa hao kisinyonywe, kiwe na mikono mingi, na kisiongeze uzito wa maji ya utumbo. Sahani inayofuata ya timu imepangwa kwa masharti hayo, na safu ya glukosi imebaki palepale.